Safari ya Kwanza ya Nje na Watoto Wanaochagua Chakula: Kisa cha Familia Moja ya Chake Chake

Familia ninayoieleza hapa ina watu wanne: baba ambaye ni mtumishi wa serikali, mama anayeshona nguo za watoto nyumbani na kuziuza, mtoto wa kiume wa miaka sita na mdogo wake wa kike wa miaka minne. Wanakaa Machomane, Chake Chake, kisiwani Pemba, na yule mdogo alikuwa katika darasa langu la maandalizi kwa mwaka mzima, ndiyo maana mama yake alinijia mimi na suali ambalo kwa kawaida watu hulipeleka kwa wakala wa tiketi. Walikuwa wameweka akiba kwa miaka mitatu ili watoke nje ya nchi pamoja kwa mara ya kwanza, katika likizo ya Disemba, na kila walipokaribia kuamua waende wapi, walikwama kwenye sahani za watoto. Naandika kwa ruhusa yao, bila kutaja majina, kwa sababu wazazi wengi wananiuliza jambo hilohilo, na kwa sababu naona wengi wanalianza kwa upande usiofaa.

Nianze na watoto wenyewe, maana bila kuwajua hao kisa hiki hakieleweki. Mkubwa hula wali mweupe wa nazi, uliopikwa ukalainika, na samaki changu wa kukaanga ambaye mama amemtoa miba kwa mkono wake. Mchuzi ni lazima ukae kwenye bakuli lake, mbali na wali. Ukigusa wali, hata kwa tone moja, sahani hiyo imekwisha kazi. Pilau hali, biriani hali, na punje yoyote yenye rangi huiweka pembeni. Mdogo hula mkate wa boflo wa kuchovya kwenye chai ya maziwa, chipsi, ndizi mbivu, na ute mweupe wa yai bila ya kiini. Huyu nilimtazama kwa karibu skuli. Kila saa ya mapumziko hufungua kibakuli chake nusu, hukinusa, na kama mama ameweka mkate wa kumimina badala ya boflo, hukifunga taratibu na kukirudisha mkobani bila kulia wala kulalamika, kisha hushinda na njaa mpaka mchana. Hakuna ukaidi katika uso wake wakati huo. Kuna tahadhari, kama ya mtu aliyeona nyoka njiani akaamua kupita njia nyingine.

Majirani husema watoto hawa wamedekezwa. Sikubaliani nao. Hofu ya chakula kigeni ni hali inayojulikana vyema katika elimu ya malezi na lishe: huonekana zaidi kati ya miaka miwili na sita, umri ambao mtoto ameanza kutembea na kuokota vitu mwenyewe, na huenda hofu hiyo iliwakinga wahenga wetu wasile sumu. Kwa watoto wengi hupungua yenyewe kadiri wanavyokua. Inajulikana pia kwamba chakula kipya huhitaji kuonekana mara nyingi, aghalabu mara nane hadi 15, kabla mtoto hajakikubali, na kwamba kumshurutisha humfanya ale kidogo zaidi na akichukie kile alicholazimishwa. Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, ameligawa jukumu hili kwa namna ambayo nimeitumia kwa wazazi kwa miaka: mzazi huamua chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto huamua kama atakula na atakula kiasi gani. (Mtoto anayepungua uzito, au anayetapika na kupaliwa kila anapokula, huyo ni mgonjwa wa kupelekwa kwa daktari, na sizungumzii hali hiyo hapa. Watoto wa familia hii ni wazima na wanakua vizuri.)

Suali la wazazi lilikuwa hili: ni nchi gani yenye chakula ambacho watoto wetu watakila? Nilipowasikiliza kwa muda nikaona kuwa suali hilo haliwezi kuwafikisha popote, kwa sababu mtoto wa aina hii hali chakula cha nchi. Anakula chakula cha sufuria moja. Wali upo duniani kote, lakini wali anaoujua yeye umo ndani ya sufuria ya mama yake. Kwa hiyo niliwaomba waliache jina la mji kwanza, wanijibu mambo mengine: huko mtakakokwenda, nani atakuwa na funguo za jiko? Na mtoto akikataa kula, nani atakuwa anamtazama?

Hilo la pili ndilo lililotuchukua muda mrefu zaidi, na nitalirudia.

Sehemu walizozifikiria zilikuwa nne. Ya kwanza ilikuwa Dubai, kwa sababu binamu za baba walikwenda mwaka uliopita na kurudi na picha nyingi. Hoja ya kuiunga mkono ni kwamba kuku na chipsi hapakosekani, na mtoto mdogo angeweza kuishi kwa hivyo kwa wiki nzima. Hata hivyo vyumba vya hoteli walivyovimudu havikuwa na jiko, vivutio viko mbalimbali, na sehemu kubwa ya starehe ya mji ule hupatikana ndani ya maduka makubwa yenye taa kali na makelele mpaka usiku. Mtoto aliyechoka na kuzongwa na makelele hukataa hata kile anachokipenda. Ya pili ilikuwa rai ya babu mzaa baba, aliyesema kwamba kama fedha ipo, basi iende Umra. Nilimheshimu kwa rai hiyo na sikuijadili kama matembezi, kwa sababu Umra ni ibada, na wazazi wanaoikusudia wanastahili kuifanya kwa moyo uliotulia, wakati watoto wamekua kidogo na msongamano hautowatia hofu. Babu mwenyewe, baada ya kufikiri, alikubali isubiri.

Mimi nilipendekeza Mombasa, na bado naamini ni chaguo zuri kuliko yote kwa familia nyingi za kwetu zinazotoka kwa mara ya kwanza. Mtanzania anayekwenda Kenya hahitaji viza, saa ni ileile, na ndege kutoka Unguja haimalizi saa moja angani. Wapemba wengi tuna jamaa huko, kuanzia Vanga na Shimoni mpaka mjini. Asubuhi kuna mahamri na mbaazi za nazi, mchana kuna wali wa nazi wa mpishi ambaye hukuna nazi kama tunavyokuna sisi. Kwa watoto pana Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na pana Haller Park kule Bamburi, ambako machimbo ya saruji yaliyoachwa wazi yalianza kupandwa mivinje mwaka 1971 hadi yakawa msitu wenye twiga wanaokula mkononi mwa watoto. Anayetaka zaidi hupanda treni ya mwendo wa kisasa, iliyoanza mwaka 2017, na kwa muda wa takriban saa tano au sita akawa Nairobi. Kwangu mimi, mtoto anayesafiri nje kwa mara ya kwanza na akakutana na lugha yake na nazi yake upande wa pili wa mpaka amepata somo kubwa kwa gharama ndogo.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo lililoubadilisha uamuzi. Dada mkubwa wa mama yake, ambaye yeye humwita mama mkubwa na watoto humwita bibi, anaishi Seeb, pembeni mwa Muscat, mji mkuu wa Oman. Alihamia huko katika miaka ya 1970, wakati Sultan Qaboos, aliyeshika utawala mwaka 1970, alipowafungulia milango watu wenye asili ya Oman waliokuwa Afrika Mashariki. Sasa ni mzee, magoti yanamsumbua, hasafiri tena, na hajawaona watoto hawa ila kwenye simu. "Mwalimu," aliniambia, "Mombasa haikimbii. Mama mkubwa simjui kama mwakani atakuwepo." Baada ya maneno hayo sikuiona tena haja ya kuitetea Mombasa. Safari ya familia huwa na sababu zake ambazo hazionekani kwenye ramani wala kwenye orodha ya vyakula, na kazi ya mshauri ni kuitengeneza safari ambayo watu wameshaipa moyo.

Kwa mtazamo wa kwanza, Muscat ilikuwa rahisi kuliko Dubai na karibu sawa na Mombasa. Ndege ya moja kwa moja kutoka Unguja huchukua takriban saa tano na nusu. Disemba hali ya hewa huko ni nzuri, kati ya nyuzi 18 na 26, tofauti na miezi ya Juni hadi Agosti ambapo joto hupita nyuzi 40 na mtoto hawezi kucheza nje. Kiswahili kinasikika katika nyumba nyingi. Mishkaki huitwa mishkak na huchomwa barabarani jioni. Halua yao na ile ya Wete ni ndugu. Na wazazi walishahesabu kuwa watalala kwa mama mkubwa bure, wakae siku 14.

Hapo ndipo nilipowazuia, na najua kuwa sehemu hii inaweza kumkera msomaji aliyelelewa kama nilivyolelewa mimi, katika imani kwamba mgeni hulala kwa jamaa na kukodi nyumba penye ndugu ni kumvunjia mtu heshima. Nyumba ya jamaa ni pahala pagumu mno kwa mtoto anayechagua chakula. Mwenye nyumba huonesha mapenzi yake kwa sinia. Amepika tangu alfajiri, amechinja, amealika wengine, na furaha yake ni kuona mkono wa mgeni ukienda na kurudi. Mtoto akikaa mbele ya sinia hilo mikono ikiwa mapajani, watu wazima 15 humgeukia kwa pamoja: kula mwanangu, mbona huli, onja hiki, hata kidogo, bibi atakasirika. Kila neno hapo ni la upendo, na kila neno humfunga koo zaidi. Mama naye hujawa na aibu, na aibu hiyo humshukia mtoto usiku chumbani. Nimeyaona haya kwetu wakati wa Sikukuu, nyumba kwa nyumba. Ndani ya nyumba ya jamaa mzazi pia hana jiko: ana ruhusa ya kuingia jikoni kusaidia, lakini hawezi kutia sufuria ya pili motoni bila kuonekana kwamba amekidharau chakula cha wenyewe.

Kwa hiyo niliwashauri wakodi nyumba ndogo yenye vyumba viwili na jiko, karibu na mama mkubwa kiasi cha kwenda kwa miguu, na wapunguze siku kutoka 14 hadi tisa ili kodi ilipike. Baba aliona ni hasara. Nilimjibu kwamba siku tisa ambazo watoto wamekula na kulala vizuri zina thamani kuliko siku 14 za kuhangaika, na kwamba siku hizo tano zilizokatwa zilikuwa zitaliwa na ugomvi wa mezani.

Kumweleza mama mkubwa ndiyo ilikuwa kazi. Mama alipompigia simu, alijibiwa kwa sauti iliyopoa ghafla: "Mimi nipo hai, nyumba ninayo, halafu wewe ukalale kwa kukodi?" Mama alikaa siku mbili hana raha. Aliyeutatua mgogoro ni bibi wa Chake, mama yake mzazi, aliyechukua simu mwenyewe, akamsalimia dada yake kwa heshima zote, akamuulizia magoti, akamuulizia kila mtoto na mjukuu kwa jina lake, ndipo akasema: "Dada, hawa watoto hawali mbele za watu. Wape siku mbili tatu wazoee, watakuja kwako wenyewe." Hakutaja kodi wala gharama, wala hakuomba ruhusa. Aliligeuza jambo likawa la watoto kuogopa watu, jambo ambalo kila mzee analijua, likaacha kuwa la nyumba kukataliwa. Nimejifunza kwake kuliko nilivyomfundisha binti yake.

Maandalizi mengine yalikuwa ya kawaida, nitayapita haraka. Kila mtoto alihitaji pasi yake, kwa shilingi 150,000 kila moja, na cheti cha kuzaliwa kilitafutwa mapema. Masharti ya viza waliyauliza wenyewe katika ubalozi mdogo wa Oman uliopo Unguja, maana hayo hubadilika na maneno ya barazani hayatoshi. Walichanjwa homa ya manjano mwezi mmoja kabla, kwa kuwa baadhi ya nchi huidai kwa wanaotoka upande wetu, na cheti chake huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa. Mlo wa mtoto ndani ya ndege uliagizwa zaidi ya saa 24 kabla, kama inavyotakiwa.

Maandalizi ya chakula, hayo yanastahili maneno zaidi. Nilimwambia mama kuwa wali atakaoukuta Muscat ni wa basmati, punje ndefu, kavu, zinazoachana, na kwamba mtoto wake hatoutambua kuwa ni wali. Akanunua basmati hapahapa Chake, ule wanaopikia biriani, na kwa muda wa miezi miwili akawa anaupika kila Jumatano na kila Jumapili, kidogo, akiuweka kwenye kisahani kando ya wali wa kila siku bila kusema neno. Mara ya kwanza mtoto aliichukua punje moja, akainyoosha juu ya kidole cha shahada, akasema, "Huu si wali, hizi tambi." Mara ya nne alizigusa kwa ulimi. Mama alizidisha maji na tui mpaka zikalainika, na mara ya tisa, siku ambayo hakuna aliyekuwa akimtazama, alikula kisahani chote na samaki. Tui pia halikuwa tatizo la safarini: nazi huota Salalah, kusini mwa Oman, na maduka ya Wahindi wa Kerala yaliyojaa Muscat hayakosi tui la kopo.

Jambo la pili tulilifanya darasani kwangu. Niliwafundisha watoto wote mchezo wa ugeni, ili yule mdogo asijione ametengwa. Mmoja huwa mwenyeji, hukaribisha kwa kibao kitupu, na mgeni anayekataa hupaswa kuweka mkono kifuani na kusema, "Alhamdulillahi, nimeshiba, ahsante bibi." Mwenyeji naye hupaswa kujibu "Haya mwanangu" na kuondoa kibao. Nusu hiyo ya pili ndiyo iliyowashinda watoto, kwa sababu hawajawahi kuisikia kwa mkubwa yeyote. Waliendelea kusukuma kibao mbele na kusema "kula, kula", kwa sauti za mama zao.

Waliondoka Mkoani kwa boti, wakalala siku mbili Unguja kwa ndugu wa baba, kisha wakaruka. Mlo wa mtoto ulioagizwa haukupandishwa katika ndege ya kwenda. Mama alikuwa na boflo, mayai yaliyochemshwa na biskuti katika mkoba wa mkononi, kwa hiyo hapakuwa na kilio. Ushauri wangu kwa kila mzazi umebaki huo: agiza mlo, kisha usafiri kana kwamba hukuagiza, na uchukue vitu vikavu, maana vimiminika vinavyozidi mililita 100 huzuiliwa kwenye mzigo wa mkononi.

Siku mbili za mwanzo zilikwenda vibaya, na sababu yake hakuna hata mmoja wetu aliyeifikiria, mimi nikiwa wa kwanza. Nyumbani Pemba watoto hula mara baada ya Magharibi, ambayo mwezi wa Disemba huingia kwenye saa 12 na nusu hivi. Muscat saa zao ziko mbele yetu kwa saa moja, na jua la Disemba huzama mapema, kiasi cha saa 11 na dakika 25 jioni kwa saa zao. Mama aliposikia adhana alipakua, kama anavyofanya kwao, na watoto wakakataa kila kitu, hata chipsi. Aliniandikia ujumbe wenye majonzi kwamba miezi miwili yote imepotea. Nilikaa nikahesabu, nikaona kwamba adhana ile ilikuwa saa 10 na dakika 25 kwa saa za Chake. Matumbo yao yalikuwa bado kwenye chai ya jioni. Siku ya tatu alipakua saa mbili usiku kwa saa za kule, na mkubwa akala akaomba tena. Kwa jamaa zao chakula cha usiku huliwa karibu na saa nne, wakati watoto hawa wameshalala. Lau wangekuwa kwa mama mkubwa, wangekalishwa mbele ya chakula mara mbili kila usiku, mara moja mapema mno na mara moja wakiwa na usingizi, na kila mtu angesema hawali.

Vyakula vipya vilivyoingia havikuwa vile tulivyovitarajia. Mdogo alipewa kwenye kibanda cha chai mkate mwembamba uliokunjwa na jibini ya kupaka, ndani yake zimevunjwa krispi za viazi za kwao wanazoziita Chips Oman. Aliunusa. Akauchovya kwenye chai ya karak, ambayo ni chai ya maziwa yenye iliki kama yetu ila nzito zaidi, akala wote. Ukiutazama vizuri, mkate ule ulikuwa ni boflo lake na chipsi zake na chai yake, vimekutana pahala pamoja. Mkubwa alikubali mishkaki ya barabarani kule Mutrah, kwa sababu ilikuja juu ya kijiti, haikugusana na chochote, na ilinuka makaa aliyoyazoea. Baba aliona bei ndogo akafurahi, mpaka alipokumbuka kwamba rial moja ina baisa 1,000 na thamani yake inapita dola mbili na nusu. Siku zilizofuata mama ndiye aliyeshika pochi.

Siku ya tano walialikwa mchana kwa mama mkubwa, na hapo likatokea lile nililokuwa naliogopa. Lilitandazwa sinia la kabuli, mchele wenye rangi, ndimu kavu nyeusi na zabibu juu yake. Mkubwa alikuwa ameshakula nyumbani, kama tulivyopanga, akakaa vizuri akizitoa zabibu moja moja na kuzipanga ukingoni mwa sinia kwa mstari. Alipokaribishwa aliweka mkono kifuani na kusema maneno yake barabara. Watu wakamsifu kwa adabu. Ila mke wa binamu mmoja, mwenye moyo mwema kabisa, alimega tonge, akalilainisha kwa vidole na kumtia mdomoni kwa mapenzi. Mtoto akatapika mkekani.

Mama aliniambia kuwa alitamani ardhi ipasuke. Mama mkubwa aliinuka kwa tabu, akakataa kushikwa mkono, akamchukua mtoto mpaka bafuni, akamwosha uso mwenyewe, akamvisha kanzu ya mjukuu wake na kumkalisha karibu naye mpaka wageni walipoondoka. Hakumwambia kula wala usile. Kisha akamuuliza mama swali moja: "Kwani huko mnakokaa anakula nini?"

Kesho yake asubuhi alikuja kwenye nyumba ya kukodi, na changu wawili aliowaagiza sokoni. Alikaa kwenye kiti cha jikoni akatazama wali ukipikwa, maji mengi, tui la kopo, mfuniko na taulo juu yake. Alitazama samaki akitolewa miba na bakuli la mchuzi likiwekwa mbali. Mtoto alikula sahani mbili, mgongo ameupa watu wote, akipiga miguu chini ya meza. Maelezo ya simu kutoka Chake, ya bibi na ya mama, yalikuwa hayajamfikisha hapo. Siku tatu zilizobaki watoto walishinda kwake wenyewe, wakila kabla ya kwenda na baada ya kurudi, na katikati wakikunwa migongo na kusimuliwa habari za Pemba ya zamani, ambazo mama yao mwenyewe alikuwa hajawahi kuzisikia.

Wamerudi Chake tangu mwanzo wa Januari. Mkubwa bado hali pilau. Mdogo, muhula huu, amekuja skuli mara mbili na chapati iliyokunjwa, na mara ya pili hakuinusa. Wiki iliyopita mama mkubwa alipiga simu kusema kuwa amenunua sufuria ndogo na ameiweka kabatini peke yake, wala mtu haruhusiwi kuipikia kitu kingine, na alitaka aambiwe maji ya wali wa mtoto hupimwa kwa kikombe gani.